Kiinua Mgongo

Kule Arousa, pembeni mwa Hispania,
maji yakipwa wanawake hushuka topeni
na reki, na ndoo, na mabuti ya mpira ya waume zao
yaliyosokotewa magazeti vidoleni yasipwaye.

Mama yangu Dosinda aliinama hapo miaka thelathini na mmoja.
Nilimjua mgongo kabla sijamjua uso.
Karani wa wilaya alipouliza, Kazi?
yeye mwenyewe akajibu: Hamna. Niko nyumbani tu.
Na kucha zake zikidondosha mchanga mezani pa karani.

Kome tulimuuzia Eladio, kwa mizani yake
ambayo, sijui kwa nini, ilishikwa na usingizi
kila ilipopandishwa ndoo ya mwanamke.

Kisha akaja Sabela kutoka chuo cha uvuvi
na pete ya bati kiganjani.
Kome anayepita humu ni mtoto, alisema. Mrudisheni.
Obdulia alicheka hadi akakalia ndoo.
Bahari haijaniuliza leseni hata siku moja,
wewe binti wa chaki ndiwe utakayeniuliza?

Tulifunga ufukwe miezi mitatu.
Miezi mitatu ya viazi na kabichi, kabichi na viazi,
na waume wakiuliza mezani:
Huo ushirika wenu, unalika?
Usiku tulilinda kwa zamu, wawili wawili, na tochi,
upepo ukitutafuna masikio.

Zamu yangu na Carme ndiyo iliyomkamata mwizi.
Alikuwa Obdulia.
Magoti topeni, ndoo nusu, bila taa;
mikono ile haikuhitaji taa.
Hatukusema kitu. Naye hakusema.
Carme alishika mpini upande wake, mimi upande wangu,
tukawamwaga kome pale walipotoka,
na mwanamke ambaye hakulia mumewe alipozama
alilia kwa ajili ya nusu ndoo.

Asubuhi mlangoni pake palikuwa na gunia la viazi.
Mpaka leo aliyelileta hajatajwa.

Siku ya kufungua, reki ziligonga kome wanene kama ngumi za watoto.
Tuliwapima kwa mizani tuliyoinunua sisi, isiyosinzia,
Eladio kasimama nyuma ya mnada, mikono mifukoni.
Na pete ya bati, nani aliivaa shingoni kwa uzi?
Obdulia. Alimpimia kila mtu, hata mkwewe,
hata Sabela mwenyewe:
Mtoto huyu! Rudisha!

Miaka kumi na mitano ya michango, mwezi kwa mwezi,
euro zilizokunjwa ndani ya soksi. Ndipo ikaja barua:
Obdulia Rial Outeiro, mchokoaji kome,
anastahili kiinua mgongo.
Alinisomesha mara mbili. Mara ya tatu akaishika mwenyewe,
kidole kimesimama juu ya neno moja tu,
na halikuwa lile la fedha.

Fedha haikuunyosha mgongo wake, tusidanganyane.
Alikwenda benki ameinama, akarudi ameinama,
kaunta ikimfika kidevuni.
Ila alinunua bafu jeupe na mtambo wa maji ya moto,
akaniita nikaone maji
yasiyopwa mpaka yeye atake.

Mama yangu alikufa majira mawili ya baridi
kabla ya Sabela na pete yake.
Cheti chake cha kifo kimo kwenye droo ya ushirika,
maana mwandishi wa ushirika sasa ni mimi.
Kazi: hamna. Ndivyo kilivyoandikwa.
Kila nikitafuta risiti nakutana nacho,
na sheria, nimeisoma, hairuhusu
mtu kugusa karatasi ya marehemu.

Jana maji yalipwa mapema.
Nilifunga mlango, nikafungua kalamu,
nikagusa.